Farasi Wawili, Sanduku Moja la Barafu

Najua jina mliloniita. Nilipopita kwenye korido ya maabara, hata baada ya kustaafu, mlinong'onezana: Mama Mwenzake-Yuko-Wapi anakuja. Sikukasirika. Kila aliyeniletea chupa moja ya damu, au kipande kimoja cha nyama, nilimuuliza hivyo kabla sijagusa kitu: na mwenzake yuko wapi? Wengine walidhani ni uzee. Wengine walidhani natafuta sababu ya kutofanya kazi, na siku za joto kali huenda hawakukosea sana. Leo nataka mjue swali hilo lilikotoka. Lilitoka kwa farasi wawili, na uhai wa mmoja wao ulikuwa umewekwa juu ya mashine ambayo mimi ndiye niliyeiosha kila asubuhi.

Mimi ni Numbi, binti wa reli. Baba yangu alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa Kamina na treni na hakupata sababu ya kurudi. Mama yangu alitoka Kinkondja, kwa wavuvi wa ziwa Kisale. Nyumba yetu ilinuka mafuta ya mashine upande mmoja na samaki upande wa pili, na sisi watoto tulikua tukidhani nyumba zote zinanuka hivyo. Nilipomaliza masomo nilipata kazi katika maabara ndogo ya mifugo, kwenye barabara ya kuelekea base ya jeshi. Nchi ilikuwa Zaire. Wanaume walivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, wanawake tulivaa vitenge, na kila mtu aliitwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi, hata yule aliyekuwa anakutukana.

Kazi yetu ya kila siku ilikuwa ng'ombe. Ranchi za nyanda za juu zilituletea damu, sisi tukatafuta vijidudu kwa hadubini mpaka macho yakauma. Farasi walikuwa wachache. Wachungaji waliwapanda kwa sababu majani ni marefu na makundi hutawanyika mbali, mtu wa miguu hafiki. Lakini mbung'o na homa viliwamaliza, kwa hiyo farasi aliyezeeka kwetu alikuwa kitu cha kutazamwa, na mtu aliyemtunza alijulikana kwa jina.

Kisha akaja Docteur Kalala. Alikuwa daktari wa mifugo, mtoto wa nchi, aliyesoma Lubumbashi na baadaye Ulaya. Mpole wa sauti, mkali wa vidole. Ukishika chupa vibaya hakukugombeza, aliiondoa mkononi mwako taratibu na kuishika yeye, na hiyo iliuma kuliko matusi. Alikuja na sanduku la mbao lenye mashine aliyoibeba mwenyewe kwenye treni, magotini, kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Alitaka kujua kwa nini farasi wengine wa nyanda zetu wanachoka upesi kuliko wenzao.

Nitawaeleza kama alivyonieleza mimi, maana vitabu vyenu vinapenda maneno marefu. Ndani ya kila uzi wa nyama ya mnyama kuna vitu vidogo sana viitwavyo mitokondria. Hizo ndizo mbabula za mwili. Mbabula ya jikoni inakula makaa na hewa, inatoa moto wa kupikia. Mitokondria inakula chakula na oksijeni, inatoa nguvu ya kukimbia. Ukitaka kujua kama mbabula inafanya kazi, pima hewa inayokula. Mashine ya Docteur ilifanya hivyo tu.

Tulichukua kipande cha nyama kisichozidi punje ya haragwe. Tulikikatakata kwa mkasi, tukakisaga polepole ndani ya kioo kilichokaa kwenye barafu, tukakizungusha kwa kasi kwenye mashine nyingine mpaka tukapata tope kidogo la rangi ya kahawia chini ya chupa. Tope hilo ndilo mitokondria zenyewe. Tulilitia katika chumba kidogo cha kioo chenye maji ya uvuguvugu wa mwili, tukafunga, na ncha ya elektrodi ikasoma oksijeni iliyobaki ndani. Kalamu ilichora mstari juu ya karatasi iliyokuwa inatembea. Mstari ukishuka, oksijeni inaliwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mitokondria zikipewa chakula peke yake, zinakula oksijeni polepole, na mstari unashuka kwa mwendo wa kutembea. Halafu unadondosha tone la kitu kiitwacho ADP, ambacho ni kama kuziambia kwamba kazi imefika. Zilizo nzima zinaamka hapo hapo, mstari unaporomoka. Kazi ikiisha, zinatulia, mstari unarudi kutembea. Kuamka na kutulia, hizo ndizo alama za uzima. Zilizokufa haziamki hata ukizimwagia ADP ya chupa nzima.

Mambo ya elektrodi yalinipa taabu kuliko mengine yote. Ncha yake ilifunikwa na ngozi ya plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ngozi hiyo ilipaswa kuvutwa bila mkunjo na bila povu. Kipovu kimoja tu chini yake, na kalamu inacheza ngoma siku nzima. Wiki zangu za mwanzo nilitoboa ngozi nyingi mno kwa sababu nilikuwa nafuga kucha, na nilikuwa najivunia kucha zile. Docteur hakusema neno. Siku moja niliukuta mezani mkasi mdogo wa kucha, mpya, juu ya kitambaa safi. Nilizikata zote nikiwa nimenuna, na tangu hapo sijazifuga tena.

Habari za mashine zilifika base kabla ya mwezi kuisha. Mke wa sajenti mmoja, mama wa kutoka mkoa wa Équateur aliyekuwa anauza beignets, maandazi ya mviringo, karibu na geti letu, aliniletea kipande cha nyama ya sokoni kilichofungwa kwenye jani. Alitaka niitie kwenye mashine ili ajue kama muuza nyama anamdanganya. Nilimwambia nyama ya sokoni haina pumzi tena, mashine itasema imekufa. Alinitazama kwa huruma, akasema kwamba hilo hata yeye analijua bila mashine. Alinipa beignet moja hata hivyo.

Haya. Sasa mjue Ngoie.

Papa Ngoie alikuwa mtunza farasi wa ranchi moja iliyo upande wa barabara ya Kabongo. Alikuwa Muluba wa huko huko, mfupi, miguu imepinda kwa kupanda farasi, mtu wa maneno machache. Nyumbani kwake alikuwa na watoto mapacha, na kwa Baluba baba wa mapacha si baba kama baba wengine. Anaitwa Sha-Mapasa, na ana masharti yake. Pacha wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, majina hayachaguliwi. Unachompa mmoja unampa mwingine. Ukimkemea mmoja, unamkemea na mwenzake ambaye hakufanya kitu. Wageni wanaona ni mchezo, lakini mwenye mapacha hachezi na jambo hilo.

Ranchini walikuwa na farasi wawili wekundu waliozaliwa na mama mmoja. Hawakuwa mapacha, mmoja alimtangulia mwenzake kwa mwaka mzima. Lakini mama yao alikufa wangali wadogo, na Ngoie aliwalea pamoja, kwenye zizi moja, kwa ndoo moja. Naye akawaita Kyungu na Kabange, na baada ya kuwapa majina hayo akawa amejifunga mwenyewe. Jioni aliwalambisha chumvi kwenye viganja, kiganja cha kulia Kyungu, cha kushoto Kabange, kwa wakati mmoja, ili asiwepo aliyetangulia.

Kyungu akaanza kuanguka. Alikuwa anakimbia vizuri mwendo mfupi, halafu nyama za mapaja zinakakamaa zinakuwa ngumu kama ubao, anatetemeka, jasho linamtiririka, na mkojo wake unatoka mweusi kama kahawa. Mara ya kwanza alisimama baada ya muda. Zilizofuata alilala chini zaidi, akilia kwa sauti ambayo Ngoie alisema hakujua kama farasi anayo. Walimpumzisha, wakampunguzia mahindi, wakamtembeza polepole, haikusaidia. Mwishowe alikuwa anakakamaa hata kwa kutembea kwenda kunywa maji.

Meneja wa ranchi hakuwa mtu mbaya. Alimwita Docteur Kalala akamweleza wazi: kama nyama ya farasi huyu inaweza kupona, ataachwa malishoni mwaka mzima bila kupandwa. Kama haiwezi, apigwe risasi, kwa sababu kumtazama anavyoteseka kumemchosha kila mtu. Docteur alisema mashine yake inaweza kujibu. Hivyo ndivyo mambo yalivyowekwa, na Ngoie alikuwa amesimama pale pale akisikia.

Nilikwenda nao kuchukua nyama. Docteur alinyoa manyoya kwenye paja la Kyungu, akachoma dawa ya ganzi, akachana ngozi kidogo, akaingiza sindano nene yenye uwazi katikati, akatoa punje ya nyama. Kyungu alisimama kimya. Nilipofunga chupa, Ngoie alikuwa amekwisha kumleta Kabange na kumfunga pale pale.

Docteur alimwambia kwa upole: "Papa Ngoie, huyu mwingine haiko mugonjwa. Juu ya nini tumuumize bule?"

"Docteur, minyi ni Sha-Mapasa," Ngoie alijibu. "Ukikata mumoja, unakata bote babili. Bila vile, hapana."

Niliona Docteur akitaka kubishana, kisha akatazama jinsi mzee yule alivyoshika kamba, akanyoa paja la Kabange. Tukawa na chupa mbili. Ya pili tuliichukua kwa heshima tu, kama unavyopokea chakula kwa watu wakati umeshiba. Ngoie akapanda gari pamoja nasi. Alisema nyama za farasi wake haziendi mjini peke yake.

Mjue kwamba nyama iliyotolewa mwilini inaanza kufa hapo hapo, na baridi ndiyo inayoichelewesha. Barafu yetu tulizoea kuipata jikoni kwa base. Siku ile umeme wa base ulikuwa umekatika tangu juzi yake, kwa hiyo alfajiri kabla ya safari dereva alikwenda stesheni akaomba barafu kwenye behewa la samaki lililotoka Bukama. Alirudi akitabasamu, sanduku limejaa. Barafu ile ilikuwa ya ajabu. Tulikwenda na kurudi na jua lote lile, ikawa bado kavu na ngumu. Sisi sote tuliisifu. Docteur mwenyewe alisema kwamba tungekuwa nayo kila siku, kazi ingekuwa rahisi. Nilipofungua chupa nilikuta maji ya kuhifadhia nyama yameganda pembeni yamekuwa meupe, nikafurahi kwamba nyama imetunzwa vizuri.

Tuliisaga nyama ya Kyungu, tukalitia tope lake ndani ya mashine. Docteur akatia chakula. Mstari ukashuka kidogo sana. Akadondosha ADP. Mstari haukubadilika. Akadondosha tena. Kalamu iliendelea kutembea vile vile, na sisi watatu tulikuwa tunaitazama, kwa maana Ngoie alikuwa amesimama nyuma yangu, amevua kofia. Hakuhitaji kuelezwa. Njiani Docteur alikuwa amemfundisha namna ya kusoma mstari.

Saa ya fonii, ile redio ya kuzungumza na ranchi, ilikuwa imekaribia. Meneja alikuwa anasubiri neno, na mlinzi wa ranchi, askari mstaafu wa base, alikuwa tayari na bunduki kwa asubuhi inayofuata. Docteur alifuta mikono akasimama aende kwenye fonii. Mimi nilianza kuosha vyombo, kwa sababu mikono yangu haikujua kitu kingine cha kufanya.

Ngoie akauliza: "Na Kabange?"

Docteur alimweleza kwamba Kabange ni mzima, kila mtu anajua, hakuna haja. Alisema yeye amechoka, na umeme wa jenereta si wa kuchezea.

"Ulikata bote babili," Ngoie alisema. "Tukabeba bote babili mu sanduku moya. Sasa mumoja amesema, mwingine iko ananyamaza. Minyi sitarudia ku ranchi na neno ya mumoja."

Hakupandisha sauti. Docteur akageuka mlangoni, akarudi akaketi. Ninamheshimu kwa hilo mpaka leo. Wangapi mnawajua wenye diploma ukutani ambao wangerudi kuketi?

Tukaisaga nyama ya Kabange. Chakula, mstari mdogo. ADP, kimya. ADP tena, kimya. Kabange, aliyekuwa akifukuza ng'ombe kutwa nzima na jioni bado anarusha miguu, alichora mstari ule ule wa mwenzake. Kama karatasi ile ilisema kweli, basi yeye pia alikuwa amekwisha kufa na hajaambiwa.

Docteur alitazama karatasi mbili, moja juu ya nyingine. Halafu akalivuta sanduku, akachovya kidole kwenye maji ya barafu iliyokuwa imeanza kuyeyuka, akaonja. Akanipa nami nionje. Ilikuwa chumvi, na harufu nyuma yake ilikuwa ya nyumbani kwa mama yangu. Wauza samaki wanagandisha maji ya chumvi ili barafu ikaze baridi na samaki wafike. Barafu yenye chumvi ni baridi kuliko barafu yenyewe. Nyama yetu haikutunzwa, iliganda, na mitokondria zikiganda zinapasuka. Tulikuwa tumewaua wote wawili ndani ya sanduku, tukataka kumhukumu mmoja.

Docteur alikwenda kwenye fonii akasema bunduki isubiri. Ngoie aliketi kwenye kibao changu, akavaa kofia yake.

Nawaomba mlishike hili kabla sijaendelea. Barafu ya kubebea nyama hai iwe inayeyuka, ielee kwenye maji yake, na usionje kwa ulimi tu, tia kipimajoto. Barafu kavu inayong'aa isikufurahishe. Na sampuli isisafiri peke yake kamwe. Ikisafiri peke yake, hutajua kama iliyougua ni nyama au ni safari. Miaka ya baadaye, vurugu zilipokuja na maabara ikaporwa, walichukua mashine, wakachukua na jokofu, hata swichi za ukutani walizing'oa. Hilo la mwenzake yuko wapi hawakuweza kulibeba, ndiyo maana nimekaa nalo nikiwasumbua.

Tulirudi ranchini umeme wa base ulipotulia. Barafu ilikuwa ya jikoni kwa base, ndani ya maji, na kipimajoto kikichungulia kwenye mfuniko. Docteur alikata farasi wote wawili kwa sindano moja, paja la upande ule ule. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake. Alimpa Ngoie zile chupa mbili zinazofanana pamoja na uzi mweusi, akamwambia afunge uzi kwenye chupa moja kwa siri na asituambie ni ya nani. Alisema yeye mwenyewe anampenda Kyungu sasa, na mkono unaopenda unasukuma kalamu. Ngoie alitugeuzia mgongo, akafunga.

Kwa hiyo siku ile, ndani ya maabara, mtu mmoja tu alijua.

Tulianza na chupa isiyo na uzi. Chakula, mstari ukatembea. ADP, mstari ukaporomoka, ukaenda, ukaenda, kisha ukatulia kama unavyotakiwa. Sijawahi kuona mstari mzuri kama ule kabla wala baada. Nilimgeukia Ngoie nikitafuta kitu usoni mwake, nikakuta hakuna. Nikajidanganya kwamba hiyo ni ya Kyungu.

Tukatia chupa yenye uzi. Chakula, mstari ukatembea kwa uvivu. ADP, ukainama kidogo sana, kama mtu anayeitwa akageuza shingo bila kuinuka. Docteur akabadilisha chakula, akaleta cha aina nyingine ambacho kinaingia kwa mlango mwingine, na hapo mstari ukaamka. Lakini haukufika popote, haukufika hata karibu na mwenzake. Kulikuwa na mlango mmoja ndani ya mbabula zile ambao ulikuwa umefungwa tangu kuzaliwa, na farasi anayekimbia anahitaji milango yote. Tulirudia. Ikawa vile vile.

Docteur alizima mashine. Kukawa kimya, maana kisumaku kilichokuwa kinakoroga ndani ya chumba cha kioo kilikuwa kinalia siku nzima na tulikuwa tumekizoea. Sisi wawili tulimtazama Ngoie. Naye alikuwa anautazama ule uzi.

Fikirini jambo hili, ninyi vijana. Angeweza kusema kwamba uzi ni wa Kabange. Tungeshangaa, tungesema mashine imedanganya tena, tungelaumu barafu, na Kyungu angepata siku nyingine, labda mwezi mwingine. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme hivyo, na nawaambia bila aibu kwamba ningemuunga mkono.

"Ya uzi njo ya Kyungu," Ngoie alisema.

Docteur alianza kumwambia pole. Ngoie akamkatiza.

"Ile siku ya kwanza ungesema vile, ningekukatalia mpaka kufa kwangu. Leo balikuwa bote mu glace moya, ile barafu ya muzuri, na bote babili bamesema. Naitika."

Nililia, sikungoja kutoka nje. Ngoie alinigusa bega akaniambia mutoto wa reli asilie mbele ya mashine, itashika kutu. Huo ndio utani wake pekee niliowahi kuusikia.

Tulikwenda ranchini asubuhi. Docteur angeweza kuomba nyama zaidi baada ya kifo, kipande kikubwa cha kusoma kwa miezi, na kwa kazi yake kilikuwa kitu cha thamani. Aliiacha sindano garini. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Kyungu alitembea mwenyewe mpaka nyuma ya zizi, polepole, akisimama kila mara. Kabange aliletwa naye. Meneja alinong'ona kwamba haifai huyu mzima kuona, mtu akamwambia amwache Ngoie. Ngoie akatoa chumvi mfukoni. Ilikuwa ile ya mawe, ya kijivu. Akaigawa kwenye viganja viwili, cha kulia Kyungu, cha kushoto Kabange, akanyoosha mikono kwa wakati mmoja. Walilamba. Tulisikia ndimi zao tu na upepo kwenye majani. Kyungu alimaliza kwanza akaendelea kulamba kiganja kitupu, na Ngoie hakukiondoa mpaka Kabange naye akamaliza. Kisha akamshika Kabange kamba, akamfunika macho kwa kofia yake, akamwambia yule askari sawa.

Kabange alishtuka kwa mlio, akatulia.

Niliendelea kwenda ranchi ile kwa kazi za ng'ombe miaka mingi baadaye. Jioni nilimkuta Ngoie kwenye uzio, Kabange amezeeka, mvi zimemjaa usoni. Alikuwa bado anatoa chumvi mikono miwili. Kiganja cha kushoto kwa Kabange. Cha kulia alikinyoosha hewani muda ule ule, akisubiri, na Kabange alipomaliza alikigeuza, chumvi ikamwagika chini. Meneja mpya alimuuliza mbele yangu kwa nini anapoteza chumvi ya ranchi, na Ngoie akamjibu kwamba Kabange hajazoea kula peke yake. Meneja hakuuliza tena. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuijua saa ile, walikuja wakailamba mpaka udongo ukabaki na shimo.